Safari ya Marko Kutoka Perge

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mdo. 12:12, 25, 13:1–13, 15:36–41, Flp. 3:12–15, Ebr. 5:11–14, Mk. 4:26–29, Kol. 4:10, Flm. 24, 2 Tim. 4:9–16, 1 Pet. 5:13.

SABATO ALASIRI

Katika makanisa mengi kuna kisa kinachofanana na hiki. Kijana wa miaka 22, aliyebatizwa kwenye makambi miaka mitatu iliyopita, anachaguliwa kwenda na timu ya efoti katika kijiji cha mbali. Anaimba vizuri, anavijua vipaza sauti, na washiriki wamemchangia nauli. Siku ya tisa mvua inanyesha usiku kucha. Timu inalala katika darasa la shule ya msingi, juu ya mikeka, na bati linavuja. Kunapopambazuka kijana hayupo. Amedandia lori la mkaa, amerudi mjini. Mhubiri anamalizia siku zilizobaki kwa kupaza sauti yake mwenyewe, na siku ya mwisho sauti haitoki tena.

Miezi minane baadaye kamati ya uteuzi inaketi, na jina la kijana yule linatajwa kwa nafasi ya kiongozi msaidizi wa vijana. Mzee wa kanisa anaweka kalamu chini.

“Jina hilo tusilirudie.”

“Mzee, kijana ametubu,” anasema kiongozi wa Dorkasi, ambaye kila mtu mezani anajua kuwa ni shangazi yake. “Amesimama mbele ya kanisa akaomba radhi.”

“Mama, sikatai. Kusamehe nimemsamehe. Ila kumpa watoto wa watu awaongoze, hilo ni jambo jingine.”

Kamati inakwenda kwenye jina linalofuata.

Wote wawili ni watu wa maombi. Wote wamelitumikia kanisa kwa miaka mingi, na kila mmoja anaweza kufungua Biblia na kuonyesha fungu la kumtetea. Ni nani kati yao aliyesema kwa ukomavu wa kiroho? Swali hilo si jipya. Liliwahi kuwatenganisha mitume wawili.

JUMAPILI: Mtoto wa Nyumba ya Maombi

Soma Matendo 12:12–17, 25 na 13:1–13.

Yohana aitwaye Marko hakutoka katika nyumba isiyomjua Mungu. Mama yake, Mariamu, alikuwa na nyumba Yerusalemu kubwa kiasi cha kuwakusanya waamini wengi, yenye lango la nje na kijakazi wa kuitikia mlangoni. Usiku ule malaika alipomtoa Petro gerezani, ndiko Petro alikokwenda kubisha. Binamu yake Marko, Barnaba, alikuwa Mlawi wa Kipro aliyeuza shamba lake na kuiweka fedha miguuni pa mitume (Mdo. 4:36, 37). Kwa lugha ya leo Marko angeitwa mtoto wa kanisa.

Huenda ugumu wake ulianzia hapo hapo. Aliyelelewa kati ya watu wanaoomba hujua mapema maneno ya imani, na maneno yakishazoeleka kinywani ni rahisi kudhani kwamba imani yenyewe nayo ipo. Hilo halimfanyi kuwa mnafiki. Ni kwamba imani yake bado haijaulizwa chochote.

Yapata mwaka 46 B.K., kanisa la Antiokia liliambiwa na Roho Mtakatifu liwatenge Barnaba na Sauli kwa kazi. Majina yaliyotajwa ni hayo mawili tu. Marko anaonekana baadaye, katika Matendo 13:5, akiwa mtumishi wao: wa kubeba, kupanga malazi, na kufanya yale ambayo wahubiri hawana muda nayo. Walianza na Kipro, nyumbani kwa Barnaba. Walivuka kisiwa kutoka Salami mpaka Pafo, na huko Marko akaona kwa macho yake mchawi Elima akipigwa upofu na liwali Sergio Paulo akiamini. Kama miujiza ingetosha kumkomaza mtu, Marko angekuwa amekomaa pale Pafo.

Kisha wakatweka, wakafika Perge ya Pamfilia. Perge ilikuwa katika uwanda wa pwani, wenye joto. Mbele yao ilisimama milima ya Taurus, na nyuma ya milima hiyo Antiokia ya Pisidia, juu ya nyanda zinazopita meta 1,000, mwendo wa zaidi ya kilometa 150 kwa miguu. Hapo Luka anaandika kwa ufupi mno kwamba Yohana aliwaacha, akarudi Yerusalemu.

Hasemi sababu. Wafafanuzi wametaja nyingi: hofu ya njia, kumkumbuka mama, ugonjwa, au uchungu wa kumwona Paulo akitangulia mbele ya binamu yake, maana tangu Pafo msafara haukuitwa tena Barnaba na Sauli bali Paulo na wenziwe. Msomaji anaweza kuchagua anayoipenda, lakini Luka amenyamaza, na kunyamaza kwake kuna faida. Marko hakuiba fedha za safari. Hakuzini, hakumkana Bwana. Katika orodha za dhambi ambazo kanisa huzitumia kumwita mtu mbele ya baraza, kosa lake halina hata mstari. Alichoka, akarudi nyumbani. Wakristo wengi waliokwama katika ukuaji wao hawakukwama mahali pabaya zaidi ya hapo.

JUMATATU: Nani Alikuwa na Haki?

Soma Matendo 15:36–41.

Ilikuwa baada ya mkutano wa Yerusalemu, yapata mwaka 49 B.K. Paulo alitaka warudi kuwaangalia ndugu katika kila mji walikohubiri. Barnaba akataka Marko aende nao. Paulo hakuona vema. Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu, anayaeleza mashindano yao kwa neno paroxysmos, ambalo waganga wa Kiyunani walilitumia kwa homa inayopanda kwa ghafula. Watu waliojaa Roho, waliofunga na kuomba pamoja, na ambao walikuwa wametoka kusaidia kulipatanisha kanisa zima juu ya tohara, walipandisha homa kwa sababu ya kijana mmoja.

Ni lazima kumsikiliza Paulo kwanza, kwa kuwa siku hizi ni rahisi kumwona kuwa mkali tu. Baada ya Marko kurudi, Paulo alipanda ile milima. Listra walimpiga mawe, wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa (Mdo. 14:19). Alijua kwa mwili wake kazi hiyo inadai nini. Makanisa yale yalikuwa machanga na yenye kuteswa. Kuwapelekea mtu ambaye angeweza kuondoka tena usiku kungekuwa kuwafundisha kwamba kuondoka kunawezekana. Neno ambalo Luka analitumia kwa kitendo cha Marko katika 15:38, pale anapoeleza jinsi Paulo alivyokiona, ndilo analolitumia katika Luka 8:13 kwa wale waliopandwa penye mwamba, ambao huamini kitambo na wakati wa kujaribiwa hujitenga. Paulo hakumwona Marko kama mtu aliyechoka. Alimwona kama udongo usio na kina.

Barnaba naye alikuwa na hoja, na hoja hiyo ilikuwa na miguu na ilikuwa imesimama mbele yake: Paulo mwenyewe. Paulo alipofika Yerusalemu mara ya kwanza baada ya Dameski, wanafunzi wote walimwogopa, Barnaba ndiye aliyemtwaa na kumpeleka kwa mitume (Mdo. 9:26, 27). Miaka ikapita Paulo akiwa Tarso, na Barnaba ndiye aliyefunga safari kwenda kumtafuta na kumleta Antiokia (Mdo. 11:25, 26). Lau Barnaba angesubiri ushahidi kamili, kanisa lingempata Paulo lini?

Hata hivyo, si haki kumfanya Barnaba malaika. Marko alikuwa ndugu yake wa damu, na katika jamii yoyote inayojua maana ya ukoo watu watauliza kama angemtetea hivyo kijana wa nyumba nyingine. Zaidi ya hayo, Wagalatia 2:13 inaonyesha kwamba kule Antiokia Barnaba alichukuliwa na unafiki wa wengine, akajitenga na ndugu wa Mataifa. Ule upole uliomwezesha kumpokea kila mtu ndio uliomfanya ashindwe kusimama peke yake mbele ya watu aliowaheshimu. Na ule uthabiti uliomfanya Paulo asimame siku ile ndio uliomfanya awe mgumu kwa Marko. Karama ya mtu mara nyingi hulala kitanda kimoja na udhaifu wake. Anayetaka kukua hawezi kusali tu aondolewe udhaifu. Itambidi aiangalie na karama yake.

Mzee wa kanisa katika kisa cha kwanza alitofautisha kusamehe na kukabidhi, na tofauti hiyo ni ya kweli. Msamaha hutolewa bure, na unaweza kutolewa leo. Uaminifu hujengwa, na hujengwa polepole. Mhasibu aliyepoteza fedha za kanisa anaweza kusamehewa Sabato hii na bado asirudishiwe kitabu cha risiti Jumapili. Paulo hakusema Marko hataokolewa. Alisema hatakwenda naye.

Lakini tofauti hiyo, ikiachwa peke yake, inageuka kuwa mlango usio na kitasa. Kijana ataaminiwa akionyesha uaminifu. Atauonyesha wapi, kama hapewi cha kutunza? Hakuna aliyejifunza kuogelea akiwa amekaa ukingoni. Mtu lazima amwamini kabla ushahidi haujatosha, na anayefanya hivyo anajua kwamba anaweza kuaibika. Barnaba alikubali hatari hiyo. Alimchukua Marko kwenda Kipro, mahali ambapo kijana alikuwa ameshapita bila kushindwa, penye watu wa nyumbani na pasipo na milima ya Taurus. Huenda hapo Barnaba alionyesha busara kuliko huruma. Hakumrudisha Marko Perge siku ya kwanza.

Je, Marko alihitaji lipi zaidi, hapana ya Paulo au ndiyo ya Barnaba? Maandiko hayasemi. Inawezekana kabisa kwamba bila hapana ile asingejua uzito wa alichokifanya, na bila ndiyo ile asingeinuka. Lisichoruhusu andiko hili ni kuusifu ugomvi wenyewe. Mungu alipata misafara miwili badala ya mmoja, lakini homa ilibaki kuwa homa. Waebrania 10:24 inatumia neno lile lile la Kiyunani, paroxysmos, kwa kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Moto ni mmoja; kinachotofautiana ni kilichowekwa juu yake.

Ni nani katika kanisa lako aliyewahi kusema ndiyo juu yako kabla ushahidi haujatosha? Je, kuna mtu anayeisubiri kutoka kwako?

JUMANNE: Wakamilifu Wasiokamilika

Soma Wafilipi 3:12–15.

Paulo, akiandika kutoka kifungoni, anasema katika aya ya 12 kwamba bado hajakamilishwa. Aya tatu baadaye anawaita wakamilifu wale wenye nia kama yake, na anajihesabu pamoja nao. Katika Kiyunani maneno hayo mawili ni ya shina moja. Wasomaji wengine hudhani kwamba mtume amejisahau. Hakujisahau. Mkamilifu, kwa maana hii ya kupevuka, ni yule anayejua kwamba hajafika na hajaacha kukimbia. Asiyepevuka hukosa moja kati ya hayo mawili: ama anadhani amefika, ama amekaa chini.

Ndiyo maana ukomavu haupimwi vizuri kwa kuhesabu makosa yaliyobaki. Mtoto wa miezi kumi aliyeanguka mara ishirini leo akijifunza kutembea si mgonjwa. Mtoto wa miaka minne ambaye haanguki kamwe kwa sababu hajawahi kusimama, huyo apelekwe hospitali.

JUMATANO: Ndizi za Kuvundika

Soma Waebrania 5:11–14 na Marko 4:26–29.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo yanasaidia hapa, kukomaa na kuiva. Anayelima migomba hayachanganyi. Mkungu hukomaa mgombani, kwa muda wake. Ukishakomaa hukatwa, ukavundikwa kwenye shimo au ndani ya pipa lililofunikwa majani, ukaiva. Mfanyabiashara mwenye haraka hukata mkungu ambao haujakomaa na kuuvundika hivyo hivyo. Ganda litageuka rangi. Sokoni hautaujua kwa macho. Utaujua mdomoni.

Kanisa nalo linajua kuvundika. Mtu abatizwe Januari, apewe suti, apewe cheo, afundishwe namna ya kusimama mimbarani na maneno ya kufungulia ombi. Kufikia Desemba ana rangi yote ya mzee wa kanisa. Paulo anamwonya Timotheo juu ya kumweka madarakani aliyeongoka karibuni (1 Tim. 3:6), na sababu anayoitaja si ujinga bali kiburi. Rangi huja kabla ya utamu, na mtu anaweza kuitazama rangi yake mwenyewe akaridhika.

Lakini Waebrania 5 inaonya kutoka upande wa pili, na upande huu hausemwi mara nyingi mbele ya washiriki wa siku nyingi. Walioandikiwa waraka ule hawakuwa wapya. Kwa muda waliokuwa wameamini walipaswa kuwa walimu, na bado walihitaji kunyweshwa maziwa. Miaka ndani ya kanisa haikomazi kwa yenyewe. Neno la Kiswahili linaficha onyo hilo hilo, kwa kuwa kukomaa kuna maana nyingine ambayo kila mzazi anaijua: mtoto aliyekomaa ni yule ambaye fimbo haimwingii tena. Bamia iliyokomaa haiingii sufuriani. Mtu anaweza kukaa kanisani miaka 40 na kukomaa kwa namna hiyo, akawa na msimamo juu ya kila kitu na asiweze kuambiwa lolote.

Mwandishi wa Waebrania anautambua ukomavu kwa alama moja: akili zilizozoezwa, kwa kutumiwa, kupambanua mema na mabaya. Neno analolitumia ni la kiwanja cha mazoezi ya wanariadha. Kupambanua hakupatikani kwa kusikiliza masomo mengi zaidi. Kunapatikana kwa kuamua, kukosea, kusahihishwa na kuamua tena, mbele ya watu halisi wanaohusika. Kamati ya uteuzi ni kiwanja cha namna hiyo. Vivyo hivyo meza ya chakula nyumbani, na kundi la simu ambalo maneno makali hutumwa usiku kabla mtu hajalala.

Inafaa kutazama pia ni injili gani iliyohifadhi mfano wa mbegu inayokua hali mkulima akilala na kuamka, asijue inavyokua: kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu. Mfano huo uko katika Injili ya Marko peke yake. Ni katika injili hiyo tu pia ambapo kuna habari za kipofu wa Bethsaida aliyeponywa kwa hatua mbili, ambaye mwanzoni aliwaona watu kama miti inayotembea, na Yesu akamwekea mikono tena (Mk. 8:22–25). Si lazima kudai kwamba mwandishi alikuwa akijieleza mwenyewe. Lakini anayejua jinsi alivyorudi kutoka Perge atazisoma habari hizo mbili kwa mwendo wa polepole. Jani halikemewi kwa sababu si suke. Na yule kipofu hakuambiwa kwamba mguso wa kwanza ulishindwa.

ALHAMISI: Joho, Vitabu na Marko

Soma Wakolosai 4:10, 11, Filemoni 24, 2 Timotheo 4:9–16.

Kwa miaka kumi na zaidi baada ya Kipro, Maandiko hayasemi neno juu ya Marko. Kisha jina lake linatokea mwishoni mwa barua, mahali ambapo wasomaji wengi huwa wameshafunga kitabu. Yuko pamoja na Paulo kifungoni. Wakolosai wamepewa maagizo juu yake, nao wanaambiwa wampokee akifika. Bila shaka palikuwa na sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa mtu asiye na historia haombewi mapokezi. Paulo anamtaja kati ya wachache waliokuwa faraja kwake. Alichokifanya Marko katika miaka ile hakuna aliyekiandika. Sehemu kubwa ya ukuaji wa mtu hutokea hivyo, katika majuma ambayo hayana habari.

Petro naye anamwita mwanawe (1 Pet. 5:13). Mapokeo ya zamani, yaliyotoka kwa Papia wa Hierapoli na kuhifadhiwa na mwanahistoria Eusebio, yanasema Marko alikuwa mkalimani wa Petro na kwamba aliandika aliyoyasikia kwake. Aliyekimbia Perge aliketi chini ya aliyemkana Bwana uani kwa kuhani mkuu. Kama mapokeo hayo ni sahihi, haishangazi kwamba injili ile haikufunika aibu ya Petro hata kidogo.

Mwisho ni Rumi, yapata mwaka 67 B.K. Paulo anajua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika. Anaomba vitu vichache: joho aliloliacha Troa kwa Karpo, kwa kuwa majira ya baridi yanakuja, vitabu, hasa vile vya ngozi, na mtu mmoja. Timotheo amtwae Marko, aje naye, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Neno alilolichagua, la mtu anayefaa, ndilo alilolitumia katika Filemoni 11 kwa Onesimo, mtumwa ambaye zamani hakufaa. Paulo aliyesema huyu hafai kwenda nasi, sasa katika baridi ya gereza anasema huyu ananifaa.

Hapo kuna jina jingine la kutazama. Katika Filemoni 24 Paulo anawataja watenda kazi wenzake: Marko, Aristarko, Dema na Luka. Siku ile ilipoandikwa barua hiyo, mtu aliyeulizwa ni yupi kati ya Marko na Dema atakayedumu angekuwa na kila sababu ya kumtaja Dema, ambaye hakuwa na doa lolote linalojulikana. Katika 2 Timotheo 4 Dema ameupenda ulimwengu huu wa sasa na kwenda Thesalonike. Kwa hiyo kisa cha Marko si ahadi kwamba kila atakayepewa muda atakua. Paulo aliona yote mawili katika kundi moja. Wala wale wanaosimama leo bila kuanguka wasidhani kwamba safari yao imekwisha kuandikwa.

Ukuaji mwingine katika sura hiyo hauko kwa Marko. Katika aya ya 16 Paulo anaeleza kwamba katika jawabu lake la kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wake, wote walimwacha. Kisha anaomba wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo. Zaidi ya miaka 15 kabla, kijana mmoja alimwacha pwani ya Pamfilia, na Paulo alilihesabu. Sasa ameachwa na wote, mahali pabaya kuliko Perge, na hataki lihesabiwe. Neno la kuhesabu hapo ndilo lile la 1 Wakorintho 13:5, anapofundisha kwamba upendo hauhesabu mabaya. Aliliandika kwa Wakorintho miaka kadhaa baada ya kutengana na Barnaba. Kuliandika kulimtangulia kidogo. Kuliishi katika ukumbi wa hukumu kulichukua muda zaidi.

Hakuwa laini. Katika barua hiyo hiyo anamtaja Iskanda, mfua shaba, kwa jina, na kumwonya Timotheo ajihadhari naye (4:14, 15). Bado alijua kutofautisha aliyemshambulia na aliyeishiwa nguvu.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Ellen G. White, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, anaeleza jinsi Marko alivyozidiwa na hofu na kukata tamaa mbele ya shida za njia, na jinsi Paulo alivyomhukumu kwa ukali kwa kitambo, hali Barnaba akiuchukulia uchanga wake kuwa udhuru. Soma sura inayohusu safari ya kwanza ya kimisheni, ukiangalia namna mwandishi anavyowatendea wote watatu. Soma pia Waefeso 4:11–16, ambapo mtu mzima anayekuzwa kufikia kimo cha Kristo si mshiriki mmoja mmoja bali mwili wote pamoja, ukishika kweli katika upendo. Jadilini darasani: kama ukomavu ni wa mwili, je, kanisa linaweza kukomaa huku likiwa na mtu wake mmoja ameachwa Perge? Na kama Paulo alikuwa na haki kuyalinda makanisa machanga, ni kwa muda gani haki hiyo ingedumu kabla haijageuka kuwa kinyongo? Nani angemwambia?

Warudieni pia wale wa kamati ya uteuzi. Mzee amekwenda nyumbani usiku ule, na njiani, karibu na kituo cha mabasi, amemkuta kijana yule yule akisaidia kufunga vipaza sauti vya kwaya baada ya mazoezi, peke yake, chini ya taa. Wamesalimiana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Mzee amesimama kidogo, mkono wake mmoja ukiwa juu ya baiskeli. Jumapili ijayo anakwenda kutembelea kundi jipya lililotokana na efoti ile ile, katika kijiji kile kile, na hana wa kufuatana naye. Mpaka hapo hakuna aliyesema neno zaidi. Andikeni, kila mmoja katika darasa, sentensi ambayo mzee angepaswa kuisema, kisha zisomeni kwa sauti na kuzilinganisha.